Madhara Yenye Uhakika, Chanzo Chenye Shaka: Miisho Tata katika Hadithi Fupi za Taharuki ya Kisaikolojia

Waheshimiwa wahadhiri na walimu wa fasihi, waandishi wenzangu, wahariri, nanyi wasomaji mliokubali kuja kutusikiliza,

Mada niliyopewa ni miisho tata katika hadithi fupi za taharuki ya kisaikolojia, yaani hadithi ambazo msomaji hufika kwenye nukta ya mwisho bila kuambiwa kama mhusika aliyaona kweli mambo anayosema aliyaona, kama alikuwa akifuatwa au alikuwa akiikimbia nafsi yake mwenyewe, kama aliua au alijitwisha kosa ambalo hakulitenda. Ningependa kuanza na lalamiko la msomaji, kwa kuwa ni lalamiko la haki, nasi waandishi tumezoea kulipuuza kwa kisingizio kwamba aliyelalamika hakuelewa. Msomaji husema: mwandishi huyu alichoka, au hakujua hadithi yake inaelekea wapi, ndipo akaikata njiani na kunitupia mimi kazi ya kuimaliza. Miswada ambayo ingestahili maneno hayo ni mingi, na hata baadhi ya hadithi zilizokwisha kuchapishwa zingestahili.

Kwa hiyo sitautetea utata kwa jumla. Nitatetea aina moja tu, ambayo naiona kuwa miongoni mwa mafanikio makubwa ya hadithi fupi. Hoja yangu ni kwamba mwisho tata husimama pale ambapo madhara yana uhakika na chanzo kina shaka. Lazima kitu kiwe kimeharibika mbele ya macho ya msomaji, na kiharibike kiasi cha kutorekebishika. Kinachobaki bila jibu ni nani aliyekiharibu, au ni nini, au kwa nia gani. Mwandishi akiacha vyote viwili wazi, madhara na chanzo, msomaji hana pa kushika, na shaka isiyo na pa kushika haidumu hata usiku mmoja.

Mfano unaojulikana zaidi ni The Turn of the Screw ya Henry James, iliyotoka mwaka 1898. Ni ndefu kuliko hadithi fupi ya kawaida, lakini waandishi wa utanzu wetu wamejifunza mengi kutoka kwayo, hivyo siwezi kuiruka. Mwanamke kijana ameajiriwa kuwalea na kuwafundisha watoto wawili katika jumba la mashambani nchini Uingereza. Anaanza kuwaona wafu wawili, mwanamume na mwanamke waliowahi kufanya kazi katika jumba hilo, naye anasadiki kwamba wafu hao wanawataka watoto. Mwishoni mtoto wa kiume anakata roho mikononi mwake. Mwaka 1934 mhakiki wa Marekani, Edmund Wilson, aliandika makala akidai kwamba mizuka hiyo imo akilini mwa mwanamke huyo tu, na ubishi uliofuata haujaisha. Lakini tazameni wanachobishania. Wanabishania chanzo. Hakuna anayekana kwamba mtoto amekufa, wala kwamba amekufa akiwa amekumbatiwa na mtu aliyeamini kuwa anamwokoa. Tukiiamini mizuka, mwanamke alipigana akashindwa. Tusipoiamini, yeye ndiye aliyemtia mtoto hofu iliyomuua. Lau mtoto angebaki hai, swali zima lingekuwa udadisi wa kupitisha muda.

Mfano wa pili naupenda zaidi kwa sababu unatuonyesha mwandishi akiwa kazini, akijisahihisha. Guy de Maupassant aliandika Le Horla mara mbili. Katika toleo la mwaka 1886, daktari anamleta mgonjwa mbele ya madaktari wenzake na wanasayansi, mgonjwa anaeleza jinsi kiumbe kisichoonekana kilivyoingia katika maisha yake, na mwishoni daktari anakiri kwamba hajui kama mtu huyu ana wazimu, au wote wawili wanao, au kama kweli kiumbe kitakachochukua nafasi ya binadamu kimekwisha kufika. Shaka imetamkwa, imewekwa kinywani mwa msomi, na msomaji ameambiwa mahali pa kusimama. Mwaka uliofuata Maupassant aliiandika upya. Daktari ameondoka, wasikilizaji wameondoka, imebaki shajara ya mtu mmoja anayezidi kuzama. Mtu huyo anakifungia kiumbe chake chumbani, anaitia nyumba moto, kisha, moto ukiwa umeshashika, anakumbuka kwamba hakuwaonya watumishi waliokuwa ndani. Hapo ndipo hadithi ilipopata mwisho wake wa kweli. Kama kiumbe kile kilikuwapo, hatujui. Watumishi wameungua, hilo tunalijua. Toleo la kwanza liliieleza shaka vizuri. La pili liliifanya shaka idai roho za watu, na sidhani kwamba ni bahati tu kuwa toleo la pili ndilo linalosomwa zaidi leo.

Yupo pia Ryunosuke Akutagawa wa Japani, ambaye mwaka 1922 alichapisha hadithi fupi iliyojengwa kwa maelezo ya watu saba bila msimulizi wa kuwaunganisha. Mwanamume amekutwa amekufa kichakani. Jambazi anakiri kuwa ndiye aliyemuua. Mke wa marehemu anakiri kuwa ni yeye. Marehemu mwenyewe, akisema kwa kinywa cha mtu anayepagawa na roho za wafu, anadai kuwa alijiua. Tumezoea mashahidi wanaoikimbia lawama. Hawa wanaigombania, kwa maana kila mmoja amechagua hatia inayomhifadhia heshima anayoitaka. Hatutamjua muuaji, lakini tunawafahamu watu hawa watatu kwa undani ambao tusingeufikia kama muuaji angetajwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wengi hudhani kwamba utata wa tukio ni lazima ulete utata wa mhusika. Kwa kawaida mambo huwa kinyume: kadiri tukio linavyofichika, ndivyo nafsi za wahusika zinavyopaswa kuonekana.

Huenda mtu akauliza kama hili ni geni kwa fasihi ya Kiafrika. Si geni, ingawa kuna tofauti inayofaa kuangaliwa kwa makini. Fasihi simulizi ya bara hili ina ngano nyingi zinazoishia kwa swali linaloachiwa hadhira. William Bascom, mwanaanthropolojia wa Marekani, alizikusanya na kuzichambua katika kitabu kilichotoka mwaka 1975. Ndugu watatu, mmoja ana kioo kinachomwonyesha mchumba wao akifa mbali, wa pili ana chombo kinachowafikisha kwake papo hapo, wa tatu ana dawa inayomfufua: nani anastahili kumwoa? Katika ngano kama hiyo hakuna jambo lililofichwa. Kila kilichotendeka kinajulikana, na kinachobaki ni hukumu, ndiyo maana hadhira inaweza kubishana kwa furaha na kuondoka ikiwa imeshibana. Katika taharuki ya kisaikolojia, hata ushahidi wenyewe umetiwa doa, kwa kuwa umepita katika akili ya mtu tusiyeweza kumthibitisha. Msomaji hawezi kuhukumu kabla ya kuamua amwamini nani, na uamuzi huo unamfichua yeye pia. Anayeishi nao ubishi huo huwa peke yake.

Kwa nini basi utata huu unafaa zaidi katika hadithi fupi kuliko katika riwaya? Edgar Allan Poe aliandika mwaka 1842 kwamba hadithi ya aina hii isomwe kwa kikao kimoja, nusu saa hadi saa moja au mbili, ili nguvu yake isikatizwe na shughuli za dunia. Yeye alikuwa akizungumzia umoja wa athari, yaani hadithi nzima kumjengea msomaji hisia moja, lakini kwa mada yetu kuna faida nyingine: msomaji wa kikao kimoja bado anavikumbuka vidokezi vyote anapofika mwisho. Anaweza kurudi ukurasa wa pili na kukagua maneno yaleyale kwa jicho jingine. Msomaji wa riwaya ya kurasa mia nne aliyenyimwa jibu huona amedhulumiwa siku zake, na sehemu kubwa ya ushahidi ameshaisahau.

Sasa niingie katika ufundi wenyewe, na niruhusuni nitumie hadithi niliyoibuni kwa ajili ya mazungumzo haya. Mwanamke, ambaye ndiye msimulizi, anamuuguza dada yake mkubwa nyumbani. Kila usiku anampa dawa ya maumivu na kuandika dozi katika daftari. Dada analalamika kwamba kuna mtu anayeingia chumbani usiku na kuisogeza chupa. Asubuhi moja dada anakutwa amekufa kwa kuzidishiwa dawa, na katika daftari dozi ya usiku huo imeandikwa mara mbili, kwa mwandiko wa msimulizi. Msimulizi anakumbuka kuandika mara moja tu. Madhara hayana shaka: mtu amekufa, na dawa ndiyo iliyomuua. Chanzo kina njia mbili. Ama dada mwenyewe aliinywa dawa na kuandika mstari wa pili, ama msimulizi aliitoa mara mbili, kwa uchovu au kwa kitu kibaya kuliko uchovu.

Mwandishi mvivu ataanza kuutengeneza utata wake hapo, kwenye daftari. Atakuwa amechelewa. Mwisho tata hujengwa katika sehemu ambazo msomaji bado hajui kuwa kuna utata. Kwa mfano, mapema katika hadithi msimulizi atakumbuka utotoni jinsi dada yake alivyokuwa akimshika mkono na kumfundisha kuandika, herufi kwa herufi. Mara ya kwanza msomaji ataisoma kama kumbukumbu ya upendo, na iwe kweli kumbukumbu ya upendo, iliyoandikwa kwa moyo. Baadaye itageuka ushahidi kwamba miandiko yao yaweza kufanana. Vivyo hivyo, msimulizi atatueleza kwamba tangu aanze kuuguza huamka akiwa ameketi kwenye kiti ambacho hakulalia. Na dada atasema, "Nimechoka kuwa mzigo wako." Sentensi hii inabeba pande zote mbili: yaweza kuwa nia ya mtu anayetaka kufa, na yaweza kuwa maneno ambayo masikio ya mlezi aliyechoka yalitamani kuyasikia. Kidokezi kinachoelekea upande mmoja tu hakifai, hata kikipambwa vipi. Kila kimoja kiwe na uwezo wa kusimama mahakamani kwa mlalamikaji na kwa mshitakiwa.

Kutokana na hapo kuna zoezi ambalo sioni namna ya kulikwepa. Rasimu ikikamilika, isome yote ukiwa umeamua kwamba dada alijiua, ukiweka alama kwenye kila sentensi inayopinga. Halafu isome tena ukiwa umeamua kwamba msimulizi ndiye. Sentensi zenye alama ndizo zinazoidanganya hadithi yako. Tuseme msimulizi, akisimulia baada ya kifo, ameandika: "Usiku ule nilihesabu vidonge vyote, nikafunga chupa, nikaenda kulala." Kauli hiyo inaua upande wa pili, isipokuwa tukimfanya msimulizi kuwa mwongo wa makusudi, na mwongo wa makusudi ni hadithi nyingine yenye madai mengine. Lakini akisema, "Daftari linaonyesha kwamba nilihesabu vidonge," basi uhakika umehamia kwenye karatasi, na karatasi ndiyo itakayokuja kumsaliti. Mabadiliko ni ya maneno mawili matatu. Kazi yote ya utanzu huu hufanyika katika vipimo vidogo kama hivyo, na ndiyo sababu huwa sipendi kusikia mtu akisema kwamba mwisho wazi ni njia rahisi.

Nitataja haraka mambo yanayopita kwa jina la utata bila kuwa utata. Kuikata hadithi kabla mlango haujafunguliwa ni kuahirisha. Hakuna ushahidi wa kupima, kuna subira tu. Kufunua kwamba yote yalikuwa ndoto ni kuyafuta madhara, yaani kuharibu nguzo pekee iliyokuwa imara. Na msimulizi wa nafsi ya kwanza anayelijua jibu wakati wote, akaturuhusu kuzisoma fikra zake za kila dakika isipokuwa ile moja, ametudanganya kwa namna ambayo msomaji hasamehe, na hapaswi kusamehe.

Lipo jambo linalonigusa zaidi ya haya yote ya ufundi. Katika hadithi nyingi za aina hii, mojawapo ya njia mbili ni kwamba mhusika ana maradhi ya akili. Imekuwa desturi kuyatumia maradhi hayo kama ufunguo wa kila kufuli: lolote lisiloelezeka, labda ana wazimu. Mwandishi anayefanya hivyo haandiki utata, maana upande mmoja wa hadithi yake ni mtupu. Mtu mwenye maradhi ya akili ana historia, ana mantiki yake, ana siku nzuri na siku mbaya, na mara nyingi ana uwoga unaotokana na jambo lililotokea kweli. Charlotte Perkins Gilman alipochapisha The Yellow Wallpaper mwaka 1892, alikuwa amepitia mwenyewe tiba ya mapumziko ya kulazimishwa, iliyomkataza kazi ya kalamu, na mwaka 1913 alieleza kwamba aliandika kwa nia ya kuwaokoa watu wasitiwe wazimu. Mwanamke katika hadithi yake, ambaye mume wake, daktari, amemweka chumbani ili apumzike, anaishia kutambaa akizunguka chumba, akimpita juu mume aliyeanguka sakafuni. Kwamba akili yake imevunjika, hakuna shaka. Kama kuvunjika huko ni maangamizi au ni njia pekee ya kutoka iliyokuwa imebaki, tunaachiwa sisi.

Hadithi hiyo inafaulu kwa sababu imechukua kwa uzito kile anachokiona mwanamke huyo, hata pale ambapo hakipo. Inatukumbusha vilevile kwamba katika maisha ya kweli wapo watu wengi, hasa wanawake, watoto na wagonjwa, ambao maneno yao huwekwa kwenye mizani kabla hawajamaliza kusema. Mwisho tata ulioandikwa kwa haki unamweka msomaji katika nafasi ya yule anayepaswa kuamini au kutoamini, na kumfanya aone gharama ya kila uamuzi. Ulioandikwa bila haki unamfundisha kumdharau mhusika, kisha unamruhusu aondoke salama. Kwangu mimi hiyo ni tofauti ya kimaadili, na ningependa wahariri waipe uzito huohuo wanaoupa mtiririko wa lugha.

Huulizwa mara nyingi kama mwandishi mwenyewe lazima ajue ukweli. Anton Chekhov, katika barua yake ya mwaka 1888 kwa mchapishaji wake Aleksei Suvorin, alitenganisha kulitatua swali na kuliweka swali sawasawa, akasema la pili ndilo analowajibika nalo msanii. Nakubaliana naye, kwa nyongeza moja. Mwandishi wa hadithi ya dada wawili si lazima ajue nani aliandika mstari wa pili, lakini lazima ajue usiku ule ulivyokwenda kama ni dada, saa kwa saa, na ulivyokwenda kama ni msimulizi, saa kwa saa. Anayejua upande mmoja ataupendelea bila kukusudia. Asiyejua hata mmoja ndiye yule ambaye msomaji alimwita mchovu.

Imebaki sentensi ya mwisho. Wengi wangemaliza kwa swali: nani, basi, aliandika mstari ule? Swali hilo msomaji analo tayari, na kumrudishia ni kumdharau. Wengine wangemtoa msimulizi nje akatazame anga, ili ukimya ufanye kazi ambayo maneno yameshindwa. Mimi ningemfanya achane ukurasa ule, kisha akae na kuziandika upya dozi za juma zima kwa kalamu ileile, usiku wa mwisho ukiwa na mstari mmoja. Ni tendo, linaonekana, na halirudishiki. Ikiwa ni yeye aliyeua, ameharibu ushahidi. Ikiwa dada alijiua, amelilinda jina la dada yake lisitajwe kwa aibu. Na kwa vyovyote vile, amejinyima yeye mwenyewe nafasi ya kuja kuilinganisha tena ile mistari miwili, hivyo madhara yameongezeka kwa jambo jingine lenye uhakika, huku chanzo kikizidi kuzama. Mhariri mwenye nia njema anaweza kuomba iongezwe sentensi moja ya kumsaidia msomaji, kitu kama "sitajua kamwe kilichotokea." Mwandishi amshukuru na akatae, kwa sababu sentensi hiyo inamthibitisha msimulizi kuwa hajui, na yule anayejua lakini anaficha angekuwa ametolewa nje ya hadithi kwa maneno matatu.